Siku Nilipopanda Mtumbwi Mmoja na Mkwe Wangu

Chekeni kwanza mmalize, ndipo niwaeleze, maana najua ile video mmeshaiona, ile ninayoonekana nimebebwa mgongoni kama gunia la uwele, gagulo limelowa, mdomo wazi, na aliyenibeba ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Neema. Aibu ile haijaniisha na hasira nazo hazijaniisha, nasema mapema ili asitokee mtu wa kuniambia "mama, yameshapita." Hayajapita.

Ninyi Wagogo wa siku hizi mnajifanya hamjui, lakini mimi nililelewa hivi: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mkono, na jina lake mimi silitamki (hata hapa silitaji, mtasoma mpaka mwisho hamtalipata). Akija kwangu anasimama nje ya ua anaangalia pembeni, mimi naongea na Neema, Neema anaongea na yeye. Miaka kumi na moja tumekwenda hivyo bila doa. Hata kwaya tunaimba pamoja, yeye anapiga kinanda, mimi nasimama mstari wa nyuma naangalia dari (dari lenyewe limejaa popo, nimesema mpaka nimechoka, lakini hiyo ni kesi nyingine).

Basi kwaya yetu ya Mvumi ikaamua kwenda Mtera, kule bwawani, kutembea. Zamani kutembea kwa kwaya ilikuwa kwenda kuimba kwa wenzetu, mnakula, mnarudi. Safari hii wakataka kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mnapiga makasia mnakizunguka kisiwa kilichoko pale mto unapoingia bwawani, halafu mnakula hukohuko kisiwani.

Nilitaka kubaki, haki ya Mungu. Watu walishajigawa wawili wawili, Neema ameshakaa na mwenzake wa sauti ya kwanza, ikabaki nafasi moja tu, na nyuma ya nafasi hiyo amekaa mkwe wangu, uso ameugeuzia milimani. Nikarudi nyuma. Hapo ndipo Mama Yohana (yule anayeimba kama mlango usiotiwa mafuta) akapaza sauti:

"Mama Neema, wewe kaa na masufuria. Haya ya majini yana wenyewe."

Masufuria! Mimi niliyevusha ng'ombe mtoni masika, maji kifuani, huyo Mama Yohana hajazaliwa! Nikasema sibaki na sufuria la mtu. Na kijana mwongozaji wa mitumbwi naye akachochea, "Ingia tu mama, utampa mgongo, hamtaonana." Nikaona maneno yake yana akili. Hayakuwa na akili hata punje.

Tukaenda. Mwanzo kulikuwa kuzuri, upepo kidogo, wenzetu wanaimba. Lakini mjue kwamba yule wa nyuma ndiye anayeelekeza mtumbwi, na mkwe wangu kwa adabu zake hawezi kukaa anautazama mgongo wa mama mkwe, kwa hiyo alikuwa anaangalia maji ya pembeni. Mbele anayeona ni mimi peke yangu, na mimi siwezi kumsemesha. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunakwenda, nikakiona kisiki. Bwawa lile lilimeza miti, visiki vimebaki, na hiki kimechomoza kabisa, tunakiendea kama tumekialika.

Neema alikuwa kwenye mtumbwi wa pembeni. Nikamwita.

"Neema! Mwambie mumeo kuna kisiki mbele!"

Mkwe amesikia, atakosaje kusikia, yuko hatua moja nyuma yangu! Lakini akafuata adabu.

"Mke wangu, muulize mama nikate upande gani."

"Mama, anauliza akate upande gani."

"Kushoto! Mwambie kushoto!"

"Baba Eliya, mama anasema ku..."

Paa! Mtumbwi ukapinduka, mimi ndani ya maji, lile jaketi la kuelea limenipanda mpaka masikioni, kitenge kimefunguka kinaondoka zake, na kichwani nina neno moja tu, mamba. Nikapiga ukelele. Nikaita jina lake. Lile la ubatizo, mara tatu, kwaya nzima inasikia.

Akaja. "Nishike shingoni, mama." Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea. Nikamng'ang'ania akanibeba mpaka kisiwani, na pale kisiwani Mama Yohana ameshafika, simu imeinuliwa, anasema, "Geuka kidogo, Mama Neema, uso hauonekani."

Wenzangu wakala ugali na mlenda, mimi nimejifunika turubai, mkwe haonekani. Kurudi nilikataa kukaa naye, nikavutwa kwa kamba peke yangu kama ng'ombe wa mnadani. Tangu hapo Jumapili tatu hakuja kanisani wala kwangu. Kinanda kimya. Usiku silali, nasema basi, nimemvunjia binti yangu nyumba kwa ajili ya masufuria.

Wiki ya nne Neema akaja na kifurushi. Nafungua, kitenge changu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Kumbe kilinasa kwenye kile kisiki, na wakati wenzangu wanakula mkwe wangu alirudi kukinasua, na mamba wako palepale, akakificha kwenye begi, na haya ikamfanya ashindwe hata kumwambia mke wake. Nje ya ua nikaona kivuli, kimegeukia barabarani.

"Neema," nikasema, kwa sauti ya kufika nje, "mwambie kinanda kinaingia vumbi."

"Neema," ikajibu nje, "mwambie mama Jumapili nitakuwepo."

Kwa hiyo nimeapa: sipandi tena chombo chochote na mtu ambaye adabu inanizuia kumpigia kelele. Ila wewe Mama Yohana, ukisoma haya, safari ijayo tutapanda sisi wawili, mimi mbele wewe nyuma, na kisiki nitakachokiona sitamwambia mtu.