Ngano ya Marehemu Haidaiwi

Rusanka alishona kola. Miaka ishirini na mitatu, kola tu, katika karakana ile ya mashati pale mjini Haskovo, Bulgaria, mpaka vidole vikapinda kama kucha za kuku. Alichopata ni kikohozi.

Mwezi aliokufa mumewe, mshahara ulikuja umezidi leva mia sita. Rusanka si mwizi. Alimfuata Milka, mhasibu, akamuuliza mbele ya mafundi wote, "Mwanangu, hizi zangu kweli?"

"Zako, mama. Ni saa zako za ziada. Kamzike mzee."

Basi akafanya arobaini ya maana. Ngano ya kuchemsha na sukari na kokwa za jozi, samaki, chupa za rakia, ile pombe kali ya matunda. Karakana nzima ilikuja. Hata tajiri, Krastan, alikuja na tumbo lake, akala bakuli mbili za ngano, akasema Mungu amrehemu.

Miezi mitatu baadaye mdomo uleule ukamwita ofisini.

"Tulikosea hesabu, mama. Tia sahihi hapa, tukate mia mbili mbili kila mwezi."

"Nani alikosea?"

Milka, aliyekaa pembeni ya tajiri, akatazama kucha zake, kenge yule.

"Usiposaini nakata vilevile," akasema Krastan.

Rusanka hakusaini. Alikwenda kwa wakaguzi wa kazi. Mama wa pale akamwambia wazi: mshahara ulioupokea kwa nia safi huurudishi, kosa ni lao. Na bila ridhaa yako asiguse hata senti.

Akarudi, akasimama mlangoni ili mafundi wote wasikie.

"Niliuliza, nikajibiwa zangu. Hawa wote mashahidi. Unazitaka, Krastan? Tapika kwanza bakuli zako mbili!"

Wanawake wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Krastan akakata mia mbili hata hivyo, kwa kiburi. Wakaguzi wakaja, akazirudisha mwenyewe. Samahani? Hakuna aliyesema.

Mwaka ulipotimia Rusanka akapika ngano tena, akaipeleka karakanani, akagawa meza kwa meza. Ngano ya marehemu hanyimwi mtu, hata adui, ndivyo alivyolelewa.

Milka akasimama na kikombe chake. Krastan akafungua mlango wa ofisi, naye akingoja fungu lake.

Rusanka akawapita wote wawili. Iliyobaki akawamwagia njiwa uani, pale chini ya dirisha la ofisi.