Vilemba vya Kwaya ya Bamama

Wifi yangu alirudi kwetu mjini Baraka kutoka Uvira akiwa amefunga kilemba cha kitenge cha bluu, kimepanda juu ya paji la uso kikawa kirefu kuliko kichwa chenyewe. Sisi wa kwaya ya bamama tulizoea kitambala, kile cha kukunja pembetatu na kufunga kisogoni. Jumamosi moja alitukalisha kwenye mkeka nyumbani kwangu, akatufundisha: kuvuta, kusokota, kuficha ncha. Kesho yake tuliingia kanisani vichwa vyote bluu, tukaketi mbele kama kawaida.

Mama yangu alikitazama kilemba changu, akageuza uso. Kwake vilemba vile vilikuwa mambo ya dunia.

Wakati wa matangazo mchungaji akasema, "Bamama ba kwaya babakie kisha ibada. Niko na neno juu ya ile bilemba."

Mahubiri sikuyasikia tena. Zamu yetu ya kuimba ilipofika, nilichelewa kuingia kwenye ubeti wa kwanza. Nilijua kanisa jirani lililowahi kuwatoa wanawake kwenye kwaya kwa sababu ya mavazi. Wifi akaninong'oneza, "Akitufukuza, mi narudia Uvira kesho."

Watu walipotoka tulibaki tumesongamana karibu na ngoma, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kuvua. Mchungaji alikuja taratibu, Biblia kwapani.

"Bilemba yenu iko muzuri," alisema. "Hata bibi yangu, mama pasta, anataka mumufundishe. Lakini iko murefu, na munakaa mbele. Batoto benye kuwa nyuma yenu habanione, basi banacheza tu. Muhamie benchi za nyuma."

"Ni hiyo tu, Pasta?" niliuliza.

"Ni hiyo tu."

Wifi alianza kucheka, na wengine wakamfuata. Mimi niliketi kwenye benchi na kujifuta jasho.

Nje nilimkuta mama ananingoja juani. "Amesema nini?"

Nikamweleza. Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono.

"Mi nilikuwa naomba tu, mwanangu, basikutoe kwenye kwaya. Kile kilemba sikipende. Lakini kuimba kwako nakupenda."

Tulitembea pamoja mpaka nyumbani. Asubuhi, kwa haraka ya kufunga kilemba, sikuwa nimekunywa hata chai. Mchana ule nilikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaongeza, na mama akanisogezea visamaki vya ndagala vilivyobaki kwenye sahani yake.