Punda Wangu na Mfereji wa Mtaa

Chekeni sasa mmalize, maana hadi leo nikipita pale mferejini karibu na Noonkopir nainamisha kichwa kama mtu anatafuta sindano.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, mwanzo mwanzo, kiangazi kibaya, mto umekauka, mtaa mzima tunategemea mfereji mmoja wa koki, na kila asubuhi tangi linapatikana tupu kwa sababu kuna mtu ameacha mfereji wazi usiku. Kamati ikanichagua mimi nisimamie sheria za maji (eti kwa sababu niko na sauti, sisi Wakamba tukishika maombi kanisani hata mbwa wa jirani wananyamaza). Sheria nikaitunga mwenyewe: ukiacha mfereji wazi, huchoti maji wiki nzima, hakuna huruma.

Nikachunguza. Maji yalikuwa yanateremka mpaka kwa Koko, nyanya Mmaasai aliyeishi na mjukuu wake mdogo, na pale kwa geti yake nyasi ilikuwa kijani na kwingine kote ni vumbi. Nikasema, huyu nimemshika.

Siku ya mkutano, pale pale mferejini, nikavaa gauni la kanisa, nikaenda na punda wangu Bahati ili nikimaliza nichote maji. Sikumfunga. Kwanza hata usiku sikuwa namfunga, na nani ana wakati wa kamba watu wakingoja hotuba?

"Koko, ni wewe unaacha mfereji wazi!" nikasema mbele ya wote (hata salamu sikumpa).

Akajibu, "Mama Mutua, mimi asubuhi naupata wazi, naufunga."

"Wacha hizo! Na hiyo nyasi je? Wiki nzima hutachota!"

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikajua wanamcheka Koko, basi nikapandisha sauti, nikarusha mikono, mpaka nikasikia maji baridi ndani ya viatu. Kugeuka, hivi, Bahati amezungusha koki kwa midomo, anakunywa taratibu, macho amefumba. Akashiba, akaondoka. Kufunga? Thubutu!

"Na huyu punda ni wa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Huyo... sijui, punda ni wengi." (Mungu anisamehe.) Bahati kusikia sauti yangu akaja moja kwa moja, akaniwekea mdomo uliolowa begani, akitafuta maganda ya mahindi kama kila siku. Woi! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Koko hakucheka. Alienda polepole akafunga mfereji. Mwenyekiti akaniuliza sheria inasemaje, nikaisema kwa kasauti kadogo, nikarudi nyumbani na mitungi mitupu. Nililia, sifichi.

Kesho yake, jua limeshawaka na watu wamejaa mferejini, nikamwona Koko anakuja kwangu na mtungi wa maji mgongoni, ameushika kwa kamba ya kichwani, anapita katikati yao. Nikakimbia kumpokea, aibu imenijaa.

"Koko, si ungekuja mapema kabla watu hawajatoka?"

"Ulinitaja mbele ya watu," akasema, akitua mzigo. "Wacha pia waone tumemaliza. Weka chai."

Alikuja hivyo wiki nzima.

Bahati tangu siku hiyo anafungwa kamba mbili. Na mimi niliapa sitamtaja mtu tena mkutanoni: nikiwa na neno na jirani naenda kwake kwanza, namsalimu kwa Kimaasai, "takwenya," na nangoja aitikie.