Vidude Vitatu vya Mzee Presha

Mtaa mzima ulimwita Mzee Presha, na jina alijitakia mwenyewe. Miaka arobaini ya ufundi bomba, ukimwita kwako, hata mlangoni hajamaliza kuingia ameshauliza, "Presha ikoje?" Sasa amestaafu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na nyumba yake ndefu ya vyumba sita imebaki na mtu mmoja na redio. Upweke ulimzoea mpaka akawa anaiamkia redio asubuhi, tena kwa heshima zote.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, yuko ng'ambo. Siku yao ya kuonana kwenye simu ilikuwa Jumamosi saa kumi, na kila Jumamosi mambo ni yaleyale: salamu, mzee kukohoa kidogo, kisha binti anasema, "Baba, unakatikakatika. Mtandao wako huo! Nitakupigia ukitengemaa." Haya, mpaka wiki ijayo. Mzee akajiapiza: kama kinachomtenga na mwanawe ni mtandao, atautengeneza, hata kama itabidi auze spana zake zote.

Akaanza kifundi bomba, angeanzaje vingine? Ruta, kile kimashine cha kurusha mtandao, akaifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama mita ya maji, isije ikachezewa. Kisha akanunua kidude cha kuongeza mawimbi, akakipachika chumba cha mwisho kabisa, kule kusikofika kitu. Si bomba unalipeleka pasipo na maji? Kidude kikawaka taa nyekundu siku tatu. Mzee akakigonga kwa bisibisi. Wapi!

Ndipo akamwita fundi wa mtandao, mama wa makamo asiyejua kuumauma maneno. Alipoliona lile sanduku alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee wangu, umeifunga jela! Chuma kinazuia mawimbi."

"Na hiki cha huku nyuma?"

"Hiki kitagawa nini, na chenyewe hakipati? Kuta zako nene. Ruta itoke humo, ikae wazi sebuleni. Halafu tuvute waya kutoka kwenye ruta, tufunge vidude vitatu: jikoni, koridoni, na chumba cha mwisho. Kila kimoja na waya wake."

Uso wa mzee ukang'aa. "Ala! Bomba kuu na matawi yake! Si ungesema tangu mwanzo?"

Kuta alizitoboa mwenyewe, kwa mkono uleule wa zamani, fundi akivuta waya nyuma yake wakitaniana. Siku mbili hizo alikuwa na mtu wa kumwambia "nishikie hapa," na akachemsha chai ya watu wawili. Alifurahi kupita kiasi. Fundi alipoaga, mzee akazunguka nyumba nzima na simu mkononi: jikoni tele, chumbani tele, hata uani kwenye kamba ya nguo. Akamwandikia binti: "Mama, presha sasa iko juu nyumba nzima."

Jumamosi ikafika. Kanyoa ndevu, kavaa shati lenye kola. Saa kumi ikapita, ikapita na saa kumi na moja, ndipo simu ikaita.

Lo, picha hiyo! Aliona mpaka mvi mbili kichwani kwa binti yake, na nguo zisizokunjwa kwenye kiti nyuma yake. Akamtembeza. "Ona, mama, hapa jikoni. Ona na huku!" Binti akaitikia "mm, mm," macho yakiwa pembeni kwenye kitu kingine. Mzee akaketi, akaanza kumweleza kuhusu kile kikohozi, kwamba safari hii kinamtia wasiwasi.

"Baba, unakatikakatika," binti akasema. "Mtandao wako huo! Nitakupigia ukitengemaa."

Mzee alikuwa hakatiki hata kidogo. Alikiona kidole cha mwanawe kikija polepole kwenye kioo.

"Sawa, mama," akasema. "Huku ndivyo kulivyo."

Ilimuuma, jamani, tusidanganyane. Alikaa jikoni na simu iliyozimika, akiwaza ni Jumamosi ngapi alizoulaumu mtandao bure. Fundi alipompigia kuuliza hali ya kazi yake, alimjibu kwamba kazi ni safi, haina dosari, na akamshukuru sana.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi kasorobo, alikichomoa kidude cha jikoni, akachomoa cha koridoni, akachomoa na cha chumba cha mwisho. Kisha akaingia mlemle chumba cha mwisho, ambako mawimbi ya ruta yalifika kwa kujikongoja, akafunga mlango na kuketi ukingoni mwa kitanda akisubiri. Hakutaka mwanawe amdanganye tena. Akisema baba anakatika, basi awe anakatika kweli.