Nyumba ya Mlango Mmoja

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji kwa ndoo ndogo wakati Papa alipotuhamishia kwenye nyumba yake mpya hapa Kalemie, juu kidogo, mahali ambapo ziwa linaonekana lote. Papa alikuwa dereva wa lori la saruji. Alinunua mifuko yake kidogo kidogo kila alipotoka kiwandani Kabimba, na nyumba ikapanda hivyo hivyo, mwaka huu ukuta, mwaka ujao bati, mpaka majirani wakachoka kuuliza itaisha lini.

Ilipoisha ilikuwa nyumba ya kutazamwa. Sebule, ambayo kwetu tunaiita salo, ilichukua karibu nusu ya nyumba. Ilikuwa na fotei, yaani viti vya sofa, kubwa, zilizobaki kwenye nailoni zake za dukani, kabati la sahani ambazo hakuna aliyekula juu yake, na pazia zito lililoificha korido ya vyumba. Sisi watoto tuliingia humo kuwasalimu wageni, kisha tukafukuzwa. Ndivyo nyumba nyingi za mji wetu zilivyo hadi leo: chumba kizuri kuliko vyote ni cha watu wasiokaa humo.

Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango ulikuwa mmoja tu, wa chuma. Miaka ile wezi walikuwa wanaingilia milango ya nyuma, na Papa aliapa kwamba atakayeingia kwake atapita mbele ya uso wake. Kwa hiyo kila kitu kilipita salo. Mama alibeba majivu ya jikoni katikati ya zile fotei, ameyafunika kwa kitambaa kama mtu aliyebeba chakula cha padri.

Kisha Bibi, mama mzazi wa Papa, akaja kutoka kijijini kwake Mpala kuishi nasi. Siku ya kwanza hakuingia moja kwa moja. Alizunguka nyumba kwa nje, akaupapasa ukuta wa nyuma kwa kiganja kutoka kona hadi kona, halafu akamwita Papa.

“Mwanangu, nyumba ni ya muzuri,” alisema. “Lakini siku nitakufa, mutanipitisha wapi?”

Papa alicheka. “Mulango iko moja, Mama. Utapita penye wote wanapitaka.”

“Ule njo mulango ya wageni. Maiti ikipita kwa mulango ya wageni, inamuita mudogo wa nyumba aifuate.”

Papa alimjibu kwa heshima kwamba yeye ni Mkristo na kwamba maneno hayo yabaki Mpala. Bibi hakubishana. Jioni alinieleza mimi, tukiwa kwenye mkeka wake koridoni, maana fotei alizikataa. Nyumba za ukoo wao, hata ziwe za udongo na nyasi, hata ziwe ndogo namna gani, zilikuwa na mlango wa nyuma. Maji yalipita huko, na kuni, na majivu, na siku ikifika, mwenye nyumba pia, miguu ikitangulia. Mbele walipita wanaokuja. Mtu aliyekufa akipitishwa mbele huondoka anaiona njia, na njia akishaiona hawezi kuisahau.

Alinisimulia bila kunitisha, lakini mdogo wa nyumba nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo nilianza kuuvuka mlango ule kwa kukimbia. Usiku niliogopa kukohoa, nisije nikasikika. Mama alipopata mimba nilimwona Bibi akilitazama lile tumbo kisha akiutazama mlango wa chuma, na moyo wangu ukawa mzito kwa mtu ambaye hajazaliwa.

Bibi alifariki msimu wa mvua, mchana, amelala kwenye mkeka wake. Shangazi, dada mkubwa wa Papa, alifika na mtumbwi wa injini kutoka Mpala, nguo zimelowa, na hata kabla ya kulia alimvuta Papa pembeni.

“Ndugu yangu, toboa ukuta,” alimwambia. “Ni mama yetu.”

“Nitavunja nyumba yangu juu ya maneno ya zamani? Kanisa lote liko inje.”

Ni kweli walikuwa nje, wanakwaya wamejibanza chini ya turubai, wanaimba. Jeneza lilikuwa salo, kati ya zile fotei, mbele ya mlango. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Papa, kwa hesabu zake zote za wezi, hakulifikiria. Kwetu mwanamke mwenye mimba hakai na maiti. Hupelekwa kwa majirani. Lakini Mama alikuwa chumbani, tumbo limeshashuka, na njia ya kutoka ilikuwa moja, na kwenye njia hiyo alikuwa amelala Bibi. Shangazi alifunga pazia akamwambia abaki humo humo.

Wakati wa kutoka, jeneza lilikataa kugeuka. Lilikuwa refu na kabati la sahani lilikuwa limeziba. Wanaume walirudi nyuma, wakasukuma fotei, wakaliinamisha, na upande wa kichwa ukaingia ndani ya pazia. Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia lile lile, mgongo ukutani, na ubao wa jeneza ukamgusa tumboni kabla hawajauvuta tena. Shangazi aliona. Alilinyoosha pazia, akalifuata jeneza.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mnene, na Papa akatembea mtaani kama aliyeshinda kesi. Shangazi alirudi kwao. Tulianza hata kumcheka Bibi kidogo, kwa upendo. Kisha mtoto akashikwa na homa. Alipelekwa hospitali, akatundikiwa maji, akarudi, ikamrudia. Asubuhi moja Mama alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake wala kwa mtu mwingine. Watu husema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu msemo huo haukutamkwa tena.

Walileta kijeneza ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba mikononi. Wanawake walikuwa tayari wameketi salo, na katekista alikuwa mlangoni na kitabu chake. Papa aliondoka bila kumwambia mtu. Tukasikia pigo la kwanza nyuma, mwisho wa korido, na sahani zote kabatini zikatetemeka.

Nilikwenda. Alikuwa na nyundo kubwa ya gari, shati jeupe la mazishi limejaa vumbi, anaupiga ukuta aliouinua kwa mikono yake. Mwanamume mmoja alimshika bega, akamwambia kwamba kijeneza ni kidogo, tundu linatosha. Papa aliendelea kupiga mpaka lile tundu likapita urefu wa mtu mzima. Mwanga uliingia koridoni kwa mara ya kwanza. Akageuka, akaniona nimesimama pale, akanitazama muda mrefu, kisha akaenda kumchukua mwanawe. Alimpitisha huko, yeye mwenyewe, kati ya mabonge ya saruji.

Miaka mingi nilidhani ilikuwa huzuni, au toba kwa Bibi. Sasa najenga nyumba yangu, na nilimwambia fundi aweke mlango wa nyuma hata kabla hajauliza vyumba vingapi. Papa alikuja kuitazama juzi, na fimbo yake. Alipofika kwenye mlango huo nikamwuliza, kwa nini siku ile alivunja, ikiwa mambo hayo hakuyaamini na mtoto alikuwa ameshakufa.

“Siyaamini mpaka leo,” alisema. “Lakini wewe njo ulikuwa umebakia mudogo wa nyumba.”

 Mimi pia siamini. Najua homa ya mbu inavyoua, na najua kwamba haiulizi milango. Ila mwanangu wa mwisho alikuwa anacheza kizingitini tulipokuwa tukizungumza, anaingia na kutoka, na nikajikuta nimemwita aje karibu yangu.