Q ya Shangazi

Mtaani wanamwita Fundi Kelele, na wala si kwa sababu ya mdomo. Mtu mwenyewe mpole, hata kuku anawapisha. Kelele ni za kibodi zake: zile za zamani, nzito kama tofali, ambazo ukibonyeza kitufe kinaitika tak! Wenzake wanazitupa; yeye anaziokota, anazisugua kwa mswaki, kisha anazifungia kibao kidogo cha umeme kinachotosha ndani ya kiberiti. Kibao hicho ndicho mkalimani wa kibodi ya kizee na kompyuta ya leo. Mkewe keshanyoosha mikono. Anachoomba ni meza ya kulia chakula iachwe ya kulia chakula.

Wiki ile mgonjwa alikuwa kibodi ya shangazi yake, mpiga chapa mstaafu, ndiye aliyemlea. Siku ya kumuaga, ofisi ilimpa kibodi aliyoitumia miaka ishirini, eti zawadi. Sasa macho yake yameingia ukungu, na simu ya kioo haimwambii kitu vidoleni. Naye alikuwa na barua ya kumwandikia mdogo wake, ambaye hawajasemezana naye kwa miaka sita.

"Si useme tu, mimi niandike?" fundi alimuuliza.

"Mengine hayasemwi mbele ya watoto."

Mtoto mwenyewe ana miaka arobaini na mbili, na kipara juu.

Basi fundi akaifungua kibodi. Chini ya vitufe vya A na Q akakuta nyaya mbili zimepishanishwa, zimeunganishwa ovyo ovyo. Akasonya. Fundi gani huyu aliyeboronga hivi! Akabadilisha kitufe cha A kilichokufa, akarudisha kila waya mahali pake, akatia kibao chake, akafunga, akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Shangazi akakaa mbele ya kompyuta, mgongo wima, akaijaribu kwa maneno ya ofisini. Vidole vilikimbia, tak tak tak, raha tupu.

"Haya, nisomee."

Fundi akakodoa macho. Kwenye kioo paliandikwa: Ndugu, rejeq bqruq yqko.

"Shangazi... kuna Q nyingi kidogo."

"Nyingi kiasi gani?"

"Kila penye A."

Mikono ikamshuka mapajani. "Kumbe vidole navyo vimeniaga," alisema taratibu. "Basi yaishe, mwanangu. Barua haitaandikwa."

Fundi aliumia. Akaanza kumlaumu yule fundi wa zamani na nyaya zake zilizopishana. Shangazi akainua kichwa.

"Nyaya zipi?"

"Za A na Q. Nimezinyoosha."

"Umezinyoosha!" Akapiga paja. "Wewe mtoto wewe! A ilikufa mwaka wa pili tu. Maombi, malalamiko, mapatano, barua zetu zote ni A tupu! Fundi wa ofisi akaniuliza, Q unaitumia lini? Nikamwambia sijawahi kuigusa. Akaihamishia A huko huko. Vidole vikazoea, mimi nikasahau."

Fundi alicheka hadi machozi, hasa kwa aibu. Nyaya hakuzigusa tena. Alifungua orodha ya herufi ndani ya kile kibao, akabadilisha mistari miwili tu: Q iseme A, na A iseme Q.

"Sasa toka nje," shangazi akaamuru.

Fundi alisimama mlangoni akisikiliza. Vitufe vililia, vikanyamaza kitambo, vikalia tena. Mwishowe akaitwa.

"Angalia kama kuna Q. Usisome."

Fundi akaangalia. Sasa mtu ataangaliaje bila kusoma? Mstari wa kwanza ulisema: Mdogo wangu, aliyekosa ni mimi.

"Hamna hata moja, shangazi." Akavuta kamasi.

"Umesoma."

"Sijasoma."

"Mwongo mkubwa. Itume upesi, kabla sijaghairi."