Reli ya Udongo Nyuma ya Jiko la Mama

Siku za utoto wetu pale Baraka, kichezeo cha dukani tulikisikia tu kwa watu. Ukitaka mpira, unasokota matambara na majani ya mgomba. Ukitaka gari, unachonga bua. Ninyi tuliokua pamoja mnayakumbuka bila mimi kuwaambia: mchanga wa ufuoni uliotuunguza nyayo saa sita, harufu ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, zilizoanikwa, vumbi la pamba lililotuwasha shingo wakati wa mavuno, na mwalimu wa misheni aliyetukagua kucha kila asubuhi kana kwamba tunakwenda kuposa. Sitayarudia yote. Mimi bado kijana, lakini nachoka upesi siku hizi, na nguvu niliyo nayo inatosha jambo moja tu: reli niliyoijenga kwa udongo nyuma ya jiko la mama yangu.

Kwanza mjue kwamba sikuwa nimewahi kuona treni. Katika wilaya yetu yote ya Fizi hapana reli. Reli ilikuwa Albertville, kusini, safari ya meli kwenye ziwa, na huko ndiko baba yangu alikofanya kazi, katika kikosi cha kutengeneza njia. Walibadilisha mbao zilizooza chini ya vyuma, walikaza vyuma vyenyewe, walishindilia kokoto. Likizo yake ilikuja mara chache. Alipokuwa hayupo nilibaki na hamu nisiyojua niifanyie nini, basi nikaanza kujenga.

Hakuna aliyenifundisha. Nilichota udongo wa kichuguu, nikauchanganya na majivu ili usipasuke ukikauka, nikainua milima na bonde na kipande cha pwani. Vyuma vya reli nilivitoa katika njiti za majani ya mchikichi, nikazipasua kwa wembe wa zamani wa baba, nikazipaka mawese na udongo mwekundu zionekane zina kutu. Mbao za chini nilikata matete, moja moja, zote urefu mmoja. Kokoto nilizichekecha katika mchanga wa mto Mutambala kwa chekeche la mama la unga, jambo lililoniletea kofi ambalo naweza kulisikia hata sasa. Majani ya milimani yalikuwa sombe, majani ya muhogo, iliyokaushwa na kusagwa. Treni yenyewe ilikuwa makopo ya sadini, na magurudumu yalitoka kwa fundi cherehani: vile vigogo vya mti vinavyobaki uzi ukiisha. Moshi ulikuwa pamba niliyookota njiani siku ya kuuza, nikaisugua kwa masizi ya chungu.

Ili vitu vyote vilingane, nilichukua njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka, nikasema huyu ndiye mtu mzima. Mlango ulipaswa kumpita kidogo kichwani. Kila nilichojenga nilikipima kwa yule mtu wangu mweusi kichwani, na kisipolingana nilikivunja. Nilivunja sana. Nawaambieni ukweli, sikufurahia mchezo ule kama watoto wanavyofurahia mchezo. Nilikuwa na wasiwasi nao. Darasani mwalimu akiandika hesabu ubaoni, mimi nilikuwa nawaza kona fulani ya reli iliyojipinda vibaya, na nilitoka nikikimbia kwenda kuibomoa.

Asende, mtoto wa jirani, alikuwa anakuja kusimama pale na muwa mkononi.

"We Wilo, treni yako inaondoka lini? Mi niko na njaa, unipeleke mpaka kwa jiko."

"Toka, unanizibia mwanga."

"Iko na mwaka mzima haijafika hata kwa choo."

Kwa kuwa sikuiona treni, niliwauliza walioiona. Mchuuzi wa samaki alisema mabehewa ni mekundu. Shemasi wa kanisa alisema ni meusi, na aliapa. Mjomba mmoja alisema hakumbuki rangi kwa sababu alikuwa amefumba macho. Pale waliponyamaza, nilijaza mwenyewe kwa akili ya mtoto wa ziwani. Kila kitu kikubwa nilichokuwa nimekiona kikifika mahali kilitia nanga. Basi nilikunja msumari, nikaufunga kwa uzi mbele ya treni yangu, nikaona nimefanya kazi safi.

Baba alipokuja likizo, aliinama akautazama ule msumari.

"Wilo, hii iko nini?"

"Nanga, baba. Ya kuisimamisha ikifika."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaita majirani. "Mukuje muone. Mutoto yangu anafungaka treni kama mutumbwi."

Walikuja wote. Asende alicheka mpaka akaangusha muwa. Mwingine angecheka nao na kusahau, lakini mimi niling'oa ule msumari nikautupa ziwani, na nikajiapiza kwamba hakuna mtu atakayenikuta tena na kosa katika reli yangu.

Baba aliona kwamba ameniumiza, akaketi nami chini. Nadhani zile ndizo siku nilizokaa naye karibu kuliko zote. Alinionyesha mahali pa tangi la maji, namna reli inavyogawanyika mbili karibu na gati, na kibanda cha mzee wa bendera. Mimi nilimuuliza kila kitu. Kibanda kina dirisha? Linatazama wapi? Moshi ukitoka unaelekea mlimani au ziwani? Alikuwa anajibu huku anacheka, "Wewe utamaliza akili ya watu."

Kisha akatuambia alichokuja nacho. Kazini walikuwa wamempa nyumba kambini, ya matofali na bati, na alitaka kutuchukua sote: mama, mimi na mdogo wangu Riziki, aliyekuwa anaanza kutembea. Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nitaona." Mimi sikula vizuri tangu siku ile. Nilitaka kwenda kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Ningeiona treni, na ningelala nyumba moja na baba.

Baba akasema, "Jenga kambi, Wilo, mama yako aione." Nikajenga. Safu ya nyumba, mabomba ya maji, hata kamba ya kuanikia nguo. Nikamuuliza nyumba yetu iko mbali gani na reli. Alikuwa ananyoa ndevu, akajibu bila kufikiri: ukilaza watu watatu toka mlangoni, wa tatu anagusa chuma. Nikapima kwa njiti, nikaiweka nyumba hapo.

Siku ambayo mama angekuja kutazama, baba alitangulia. Akatazama toka mlango wa nyumba mpaka reli.

"Hii nyumba, uisogeze kidogo. Kule kwa mulima."

"Baba, ulisema hapa."

"Ninajua nilisema. Uisogeze tu."

"Kule hapana nyumba. Ulisema kule kuna shimo la makaa."

Alinitazama. Angeweza kuniamuru, hata kuinyanyua ile nyumba kwa vidole viwili, haikuwa na uzito wa yai. Sikumwelewa. Nilichokiona mimi ni majirani wakija tena kucheka kwamba nimekosea. Nikasema, "Basi haitakuwa kweli." Naye akaacha, labda kwa kuwa mama alikuwa tayari anakuja anafuta mikono kwenye kitenge.

Mama alichuchumaa. Hakuwa amewahi kuitazama kazi yangu isipokuwa kutafuta chekeche lake.

"Nyumba yetu njo ile?"

"Njo ile, Mama Wilo," baba akasema. "Bati mupya."

"Na shamba iko wapi?"

"Kule bananunua. Kuna soko."

"Bananunua muhogo?" Alilisema kama mtu aliyeambiwa kwamba watu wananunua hewa. "Na bamama banalowesha muhogo wapi?"

"Mutazoea."

"Na treni inapitaka karibu hivi?"

"Inapitaka polepole."

Mama alichukua kopo langu la njiti. "Wilo, moja njo mutu muzima?"

"Ndiyo, mama."

Alizilaza toka mlangoni, kwa uangalifu kama wangu mwenyewe. Ya tatu ikagusa reli. Akachukua njiti nyingine, akaivunja katikati, akaweka nusu yake mlangoni.

"Na huyu njo Riziki."

Riziki mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, anakula mlima wangu.

"Mama Wilo, hii ni muchezo ya mutoto," baba akasema.

"Njo wewe ulimupimia."

Ningeweza kusema nilikosea. Uongo mmoja tu, na baba alikuwa ananitazama akiungoja. Lakini vipimo vilikuwa sawa, na nilijivunia. Naungama hivyo kama ilivyokuwa: mama alipokuwa anaipima familia yetu kwa njiti za kiberiti, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwamba zimelingana.

"Mi siendi, Baba Wilo," mama akasema. "Batoto bakomae kwanza. Wewe uende, utukumbuke."

Baba alimbembeleza mpaka likizo ikaisha. Siku ya kupanda meli baba alinishika bega akaniambia, "Umejenga muzuri." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Alitukumbuka miaka michache. Vilikuja vitenge, sabuni, viatu vyangu vya shule. Baadaye tukasikia ameoa kule kambini, na vitu vikapungua. Mama alilima shamba la pamba na la muhogo, akatulea. Reli yangu ililowa masika ya mwaka ule, milima ikateremka juu ya vyuma, na kuku wakamaliza kokoto. Sikuitengeneza.

Mwaka jana nilishuka Albertville kutafuta kazi, nikafikia kwa baba. Amezeeka. Nyumba ni ileile. Mke wake alinipokea vizuri, akanipikia. Wana watoto watatu, wanene, wenye kelele, na wawili wa kiume walikuwa wanagombania gari la bati la dukani, la kutiwa ufunguo, ambalo tayari halikuwa na gurudumu moja. Watoto wa leo wanapewa treni nzima siku ya Noeli, na kufika mwaka mpya wameitupa chini ya kitanda.

Nikasikia sakafu inatetemeka. Sahani zikagongana kabatini. Nikasimama mlangoni, mtu mzima na suruali ndefu. Ikapita mbele yangu, ndefu, na joto lake likanifika usoni. Mabehewa hayakuwa mekundu wala meusi. Yalikuwa na rangi ya vumbi. Nyuma yangu ugomvi wa gari la bati haukukatika hata kidogo. Mmoja wa wale wadogo zangu akaja kunivuta mkono.

"Kaka, unaangalia nini?"

"Treni."

"Ile? Inapitaka kila siku." Akarudi kugombana.

Kazi sikupata. Niliporudi Baraka mama alinikuta ufuoni, akabeba mfuko wangu ingawa nilikataa. Hakuuliza habari za baba. Tulipofika nyumbani, akaanza kumenya muhogo, na kisu chake kikiendelea akaniuliza kama wale watoto wa kule ni wazima.

"Wazima, mama. Wote."

"Treni haijabaumiza?"

"Hawaiangalii hata."

Akamenya mwingine, akautia majini. Sisi tulikua bila treni, tukajua kila ubao wa chini yake kwa kuwaza. Wao wamekua nayo mlangoni, na baba yangu ndani, na hawajui rangi ya mabehewa. Ningependa kusema kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Jioni ile, nikimtazama mama na beseni lake, sikuweza kulisema hilo, nikavuta kisu kingine nikamsaidia.